Mabati ya Watu Juu ya Tanuri la Urselina

Siku ya kwanza Urselina Bruney kuingia ghala la unga la Bwana Toulon, kule mjini Roseau, hakuuliza bei ya unga. Aliuliza mifuko iliyochanika huwekwa wapi.

"Iliyochanika siuzi," Toulon alimjibu bila kuinua macho kwenye mizani yake. "Hiyo ni ya kuku."

"Kuku wa nani?"

"Wa yeyote anayefuga."

"Basi na mimi nafuga. Niuzie kwa bei ya kuku."

Wapagazi wakacheka. Toulon alikuwa ameanza maisha kwa kuchuuza ndizi bandarini, na hakupenda mtu amchekeshee wapagazi wake bila kulipia. Akamtazama vizuri huyo mteja: mwanamke wa makamo, mfupi, mikono minene ya mtu aliyezoea kukanda, kikapu begani. Ndani ya kikapu hamkuwa na kitu ila shazia, sindano ya kushonea magunia, na kibunda cha uzi.

Wakavutana. Toulon akasema unga ni ule ule, tundu halipunguzi uzito. Urselina akasema tundu linapunguza uzito kila panya anapopita. Leo lina ukubwa wa kidole, keshokutwa litakuwa la ngumi. Mwisho wakakutana katikati, kwa sharti moja: mifuko yote iliyochanika ghalani, atakayoinunua na asiyoinunua, Urselina aishone. Akaketi papo hapo juu ya gunia tupu, akashona mpaka adhuhuri. Toulon akajiona amepata fundi wa bure. Ilimchukua miezi kadhaa kugundua kwamba mtu pekee aliyejua mfuko upi ulimwaga unga mwingi na upi ulimwaga kiganja tu, kisha yote miwili ikashonwa na kuuzwa kwa bei moja, alikuwa Urselina, naye alijichagulia iliyojaa.

Tangu hapo waliheshimiana, kila mmoja akijua mwenzake hajalala.

Tanuri la mikate la Fon Zabet, kijijini kwao Urselina, halikuwa lake tangu mwanzo. Lilikuwa la Mzee Fadelle, na Urselina alimkandia unga tangu usichana. Mumewe alivuka kwenda Guadeloupe kukata miwa, na inaelekea huko miwa haiishi, maana hakurudi. Fadelle alipochoka akamuuzia tanuri kidogo kidogo, kama mtu anayeuza ng'ombe huku angali anamkamua. Alipokufa, Urselina alikuwa na tanuri, chumba cha mbele chenye rafu, na watoto wawili waliokwisha kuhamia Antigua. Baadaye akanunua mashine ya kukandia unga kutoka kwenye hoteli iliyofungwa. Aliisugua kutu kwa mchanga na ndimu mpaka ikang'aa, na akaifunika kwa shuka lake mwenyewe kila jioni. Kijiji kikamcheka: Ma Selina ameolewa tena, safari hii na chuma.

Kisha kikaja kimbunga.

Hakuna haja ya kusimulia usiku ule. Asubuhi yake milima iliyokuwa ya kijani ilikuwa rangi ya kahawia, kama iliyopitiwa na moto. Paa la Urselina lilikuwa limekwenda lote, kenchi na papi na mabati. Unga ulikuwa uji. Mashine ilionekana chini mtoni, miguu juu, maji yakipita katikati yake. Tanuri lenyewe, kwa kuwa lilikuwa mawe na udongo wa watu wa kale, lilisimama palepale likitiririsha maji mdomoni.

Barabara ya Roseau ilikuwa imekatika. Watu walikula ndizi mbichi zilizoanguka, kisha mashelisheli yaliyoanguka, kisha wakaanza kutazamana. Hapo ndipo Mzee Theophile Laronde alipopuliza baragumu lake la kome.

Theophile alikuwa seremala, na baragumu lake lilikuwa na maana moja tu: koudmen, kazi ya mikono ya wote. Likilia unaacha lako unakwenda kwa mwenzio. Mwenye kazi anapika. Kesho likilia kwa mwingine naye anakwenda. Hakuna anayelipwa na hakuna anayehesabu, au tuseme kila mtu anahesabu ila hasemi. Akawaambia, "Nyumba zetu zitangoja. Tuezeke tanuri kwanza. Mtu mwenye mkate tumboni anaweza kulala chini ya turubai."

Basi kila mtu akaleta bati. Mengine yalikuwa ya mapaa yao wenyewe, yaliyookotwa migombani yakiwa yamejikunja kama karatasi, yakanyooshwa kwa nyundo. Alvina, jirani wa ukuta kwa ukuta anayeuza samaki wa chumvi, alileta jekundu lililokuwa juu ya jiko lake. Cuthbert mwenye mbuzi alileta la kijani. Theophile alileta mabati yake meupe ya rangi ya fedha, mapya kuliko yote, aliyokuwa ameyanunua kwa ajili ya chumba chake cha kulala. Akayapigilia kwa mkono wake juu ya mdomo wa tanuri, mahali ambapo moto na mvua vikikutana hupasua mawe. Urselina alipika magimbi na samaki kwenye sufuria moja kubwa. Jioni paa lilikuwa juu, jekundu, kijani, buluu, jeupe na kutu, kama nguo ya viraka. Mkate wa kwanza uligawiwa bure. Wa pili uliuzwa.

Nalo hilo paa, lililofungwa kwa wema, ndilo lililokuja kumkaba koo.

Redio ilipopata umeme ilitangaza kwamba kuna mfuko wa kuinua biashara ndogo zilizoharibiwa na kimbunga. Mwenye duka, mwenye cherehani, mwenye tanuri, ajiandikishe. Mkaguzi atapita kuona. Urselina alijiandikisha mapema. Alihitaji mbao na mabati yake mwenyewe, na alihitaji mashine. Kukanda kwa mikono kulimpa robo tu ya mikate aliyozoea, na mabega yalimuuma mpaka akashindwa kuchana nywele. Toulon alikuwa ameshampelekea ujumbe kwa dereva wa lori: unga wa kukopa ameusimamisha kwa waokaji wote, mpaka mwokaji aonyeshe cheti cha mfuko. "Mwambie Ma Selina simchukii," dereva alikariri. "Mwambie unga wangu haulali chini ya paa la kuomba."

Mkaguzi alikuja na gari lililopakwa tope mpaka madirishani. Aliitwa Bi Germaine Esprit, bado kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alisimama mlangoni, akatazama moshi, akatazama juu.

"Mama, umeshaezeka."

"Wameniezekea."

"Na unaoka."

"Naoka kwa mikono, mwanangu. Mashine iko mtoni, twende nikuonyeshe."

"Mashine nitaiandika. Ila biashara yenyewe haikuanguka." Alisema kwa upole, na upole ule ulimtisha Urselina kuliko ukali. "Nimetoka mahali ambapo duka limebaki sakafu. Mfuko unaanza na walioanguka. Mwenye paa na moshi anakwenda chini kabisa, na nikikwambia kweli, fedha haziwezi kufika chini kabisa."

Lakini mtu aliyeshona mifuko ya Toulon hakubali bei ya kwanza.

"Na kama hilo paa si langu?"

"La nani?"

"Kila bati na mwenyewe. Nyumba zao ziko wazi, wananitazama mimi. Mvua ikizidi watakuja kulichukua kila mtu lake, na mimi nitabaki na sakafu kama hao uliotoka kwao."

Germaine alifikiri. "Ulilopewa ni lako, tunalihesabu kuwa ni msaada uliokwisha kupata. Uliloazimwa si lako, hatulihesabu. Lakini si wewe wa kuniambia, Mama. Mwenye bati aniambie mwenyewe. Alhamisi napita tena nikirudi mjini. Baada ya hapo nafunga hesabu ya Fon Zabet."

Siku zilizofuata Urselina hakula vizuri. Upepo ukivuma kidogo tu alisimama kukanda, akasikiliza misumari. Alianza kulitazama paa kama mtu anayetazama uso wa mdai wake. Jekundu: Alvina, na sufuria zake mvuani. Kijani: Cuthbert, mbuzi wake wanakohoa. Walikuwa bado hawajasema neno, lakini wakija kununua mkate macho yao yalipanda juu kwanza ndipo yakashuka kwenye rafu.

Alvina ndiye aliyesema, maana Alvina hajawahi kumeza neno.

"Shoga, bati langu limenenepa. Kila siku linanusa mkate, mwenyewe nanusa ukungu."

"Nisikilize, Alvina." Akamweleza habari ya mkaguzi.

"Hilo tu? Usiku tuling'oe lote, tumwage maji, tutawanye majani. Alhamisi akute maafa, na mimi nitalia. Unanijua nikilia."

"Akiuliza watu wa bondeni waliokula mkate jana?"

"Watasema ulikuwa mkate wa ndotoni."

Urselina hakucheka. Uongo, kwa hesabu yake, ni bidhaa ya kukopa. Unaichukua leo, anayekuja kulipia ni mtu mwingine. Ukigundulika, mfuko utafuta kijiji kizima, hata fundi cherehani asiye na kosa. Akamwambia Alvina jambo dogo zaidi: Alhamisi kila mtu aje achukue bati lake mchana kweupe, mkaguzi akiwepo, na aseme alimwazima. Fedha zikitoka, atajenga paa lake. Zisipotoka, basi angalau jiko la Alvina litakuwa limefunikwa.

"Tulikuazima?" Alvina aliuliza taratibu.

"Wewe ulisema unatoa?"

Alvina akawaza. "Sikusema kitu. Nilikuwa na misumari mdomoni."

Basi. Urselina akazunguka nyumba kwa nyumba. Wengine walikubali haraka, wakapata aibu kwa uharaka wao. Wengine waliuliza, "Na koudmen je?" akawajibu kwamba koudmen ni mikono, mikono hairudishwi; bati ni bati. Kauli hiyo ilimpendeza, akaitumia kila mlango. Mlango mmoja tu hakuubisha. Mara mbili alifika mpaka kwenye ngazi ya Theophile, akamsikia ndani akipiga randa, turubai likipigapiga juu ya chumba chake, akageuka. Alijijazia sababu: mzee ana kazi; mzee ataona mwenyewe siku ikifika. Sababu ya kweli aliijua. Theophile angemuuliza swali moja: mimi nilikuazima lini?

Alhamisi wingu lilikaa juu ya mlima tangu alfajiri. Urselina alihamisha unga uliobaki akauweka chini ya kitanda chake, akaufunika kwa lile shuka la mashine. Germaine alipofika, ngazi ilikuwa tayari ukutani. Alvina alipanda wa kwanza, sketi kaifunga kiunoni.

"Hili jekundu ni langu, mama mkaguzi! Tazama, hili tundu nililipiga mwenyewe nikitaka kupitisha bomba la moshi. Nilimwazima huyu jirani yangu kwa sababu nina moyo, na moyo wangu umelowa!"

Germaine aliandika kwenye simu yake. Bati likashuka. Likafuata la buluu, la ndugu wawili wanaokaa kwenye kona. Cuthbert akapanda kufuata la kijani. Anga likaingia vipande vipande ndani ya chumba cha Urselina, na kila kipande kilipofunguka moyo wake ulipiga kwa woga na kwa tamaa, hakujua kipi kilizidi. Tone la kwanza liliangukia meza ya kukandia.

Ndipo Theophile akatokea barabarani. Alikuwa amesikia nyundo bila kusikia baragumu, jambo lisilopata kutokea Fon Zabet tangu alipopewa baragumu lile na babake.

"Ni koudmen ya nani hii?" aliuliza.

Cuthbert alibaki juu ya papi kama kuku aliyekutwa mezani.

"Nauliza. Nimekosea nini, mpaka watu wanafanya kazi nami naitazama kama mgeni?"

Germaine, ambaye hakujua lolote, alimsogelea kwa adabu. "Shikamoo, mzee. Wanachukua mabati waliyomwazima Mama Bruney. Nawe una lako?"

"Hayo meupe juu ya tanuri."

"Ulimwazima?"

"Kumwazima?" Theophile alilitamka neno kana kwamba limemkwama jinoni. "Binti, hapa mtu hamwazimi jirani yake paa. Mimi nilitoa. Na hawa walitoa. Nilikuwa juu ya hiyo kenchi, niliwapokea mabati mkono kwa mkono."

Tone la pili, la tatu. Alvina akamwinamia Germaine, sauti yake ya kunong'ona ikafika mpaka mtoni. "Usimsikilize sana. Tangu kimbunga kichwa cha mzee hakijatulia."

Germaine akamgeukia Urselina. "Ni kweli anachosema huyu jirani, Mama?"

Hapo ndipo lilipokuwa soko lote. Urselina aliliona wazi kama bei iliyoandikwa ukutani. Aitikie kwa kichwa tu, hata mdomo asifungue, na fedha za paa zima zingekuwa zake, pamoja na za mashine. Mzee angeitwa mwehu mbele ya mgeni ambaye kesho hatakuwepo. Alimtazama. Mfuko wa koti lake ulikuwa umetuna misumari. Alikuwa ameileta, akidhani kuna kazi.

"Kichwa chake kizima kuliko changu," Urselina alisema. "Hayo meupe alitoa. Ya wengine waulize wenyewe."

Theophile hakumshukuru. Akainua uso kwa Cuthbert. "Haya. Wewe ulimwazima?"

Cuthbert alitazama mbuzi wake upande wa pili wa barabara. Alimtazama mzee aliyemfundisha kushika nyundo. Akalilaza tena lile bati la kijani, akatoa msumari mdomoni.

"Mimi... nilitoa," akasema, na ungedhani amesema ameiba.

"Na wewe, Alvina?"

"Mimi nilimwazima, mzee, na usinitolee macho! Wewe una turubai zima, mimi langu lina matundu. Nilimwazima na leo nachukua, na koudmen nitakuja kama kawaida, kama mtaniita."

Germaine hakuingia katika kesi hiyo. "Naandika anachosema mwenye bati," alisema. Mvua ilipoanza kweli aliingia chini ya mabati ya Theophile, mahali pekee palipokuwa pakavu, akamalizia kuandika hapo. Urselina alimpa mkate. Akakataa kwanza, kwa sababu ya kazi yake. Kisha akaulipia, akaula wote akiwa amesimama. Alisema hata kwao bado wanalala chini ya turubai, akaenda zake.

Majibu yalikuja kabla ya Krismasi. Mfuko ulikubali paa, ukakata sehemu ya tanuri na ya Cuthbert. Ukakubali pia nusu ya bei ya mashine. Urselina aliusoma ujumbe mara nyingi, akitafuta mahali pa kuvutana, hakupapata. Mbao na mabati alichukua kwa Toulon, ambaye siku hizi alikuwa anauza mabati pia, na bei zake zilikuwa zimepanda kama watu wanaokimbia mafuriko.

"Kwa mteja wa zamani," Urselina alimwambia.

"Kwa mteja wa zamani nafungulia unga wa kukopa. Bati ni taslimu."

"Una lililopinda?"

Toulon akacheka. Akampa yaliyopinda kwa bei pungufu, na safari hii aliyapima kwanza yeye mwenyewe, moja moja.

Lililobaki ni nani ayapigilie. Theophile aliambiwa, akajibu kwa adabu kwamba ana kazi nyingi. Baragumu halikulia. Urselina akalazimika kuita mafundi wa kijiji cha pili, wa kulipwa na kulishwa, nao wakaimaliza ile nusu ya mashine mpaka senti ya mwisho. Hivyo paa analo, lake, la rangi moja, ila lile doa jeupe juu ya tanuri na kipande cha kijani pembeni. Anakanda kwa mikono mpaka leo. Alvina ana jiko kavu. Theophile alilala chini ya turubai mpaka kiangazi, na baragumu lake likilia sasa watu bado huja, lakini anayebeba bati husimama kwanza barabarani akauliza kama ni la kutoa au la kuazima. Theophile huwajibu wote kwamba kwake hakuna la kuazima, na wengine hugeuka nalo. Toulon peke yake hakupoteza kitu.

Mzee hajaacha kununua mkate. Huja asubuhi, hulipa, hushukuru. Mara ya kwanza baada ya paa kukamilika Urselina alitia mkate mmoja wa ziada kwenye mfuko wake, chini kabisa, bila kusema. Alipofungua mlango jioni ile aliukuta umetundikwa kwenye msumari wa mlango, umefungwa vizuri usiguswe na sisimizi.

Akaushusha, akaubonyeza. Ulikuwa bado laini. Akaurudisha kwenye rafu, na mteja aliyefuata akauziwa.